Tulichora Ghorofa Sita, Tukajenga Tatu: Yaliyotupata Area C, Dodoma

Nyumba ya baba pale Area C ilikuwa na mpera nyuma na baraza mbele. Ukikaa barazani jioni ulikiona kilima cha Mlimwa chote, kutoka miguuni hadi kichwani. Baba alipata kile kiwanja enzi za CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, alipohamia Dodoma kikazi mwishoni mwa miaka ya sabini. Alikuwa akituambia mji huu umechorwa usizibe vilima vyake. Nilidhani ni maneno ya mzee anayependa baraza lake. Miaka mingi baadaye, tukiwa tumeshaingia hasara, msanifu mmoja alinionyesha kwamba baba alijua anachosema. Mpango mji wa kwanza wa makao makuu, uliochorwa mwaka 1976 na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ulitaka mji wa majengo mafupi, mji wa watu wanaotembea kwa miguu na kupanda mabasi, uliojipanga kufuata vilima badala ya kushindana navyo.

Naandika haya kwa sababu tangu tumalize kujenga napigiwa simu mara kwa mara na watu wanaotaka kupandisha ghorofa Dodoma. Wengi wanaanza na swali lilelile tuliloanza nalo sisi: niende juu mpaka wapi? Na wengi, kama sisi, wanataka kulijibu kwa kuangalia akaunti ya benki.

Baba alifariki mwaka 2016. Mei 2017 CDA ikavunjwa, shughuli zake zikaenda manispaa. Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa jiji, na mwaka uliofuata wizara zikaanza kazi kule Mji wa Serikali, Mtumba. Aliyekuwa akiishi hapa anakumbuka ile miaka miwili mitatu: kila wiki dalali mpya getini, watumishi wanatafuta vyumba mpaka Nkuhungu na Chang'ombe, kodi inapanda ukiiangalia. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa Dodoma mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Lakini hatukuhitaji sensa. Tulikuwa tunaona kreni za ujenzi zikisimama moja baada ya nyingine upande wa katikati ya mji, ambako zamani macho yalikuwa yanatua kwenye kuba la kanisa la Anglikana, na baadaye Msikiti wa Gaddafi, basi.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyesema kwanza kwamba kiwanja kama kile, karibu na mjini vile, kukiachia nyumba ya mabati ni kukionea. Mdogo wetu akaunga mkono. Mimi ni mhasibu kwa kazi, nikakaa chini nikapiga hesabu ya ghorofa sita, nyumba mbili kila sakafu, kodi ya laki tano kila nyumba kwa mwezi. Kwenye karatasi ilipendeza mno. Nilikadiria milioni 600 kumaliza jengo lote. Mtu yeyote aliyewahi kujenga ghorofa akisoma hapo atanihurumia, na atakuwa na haki.

Kabla ya matofali kulikuwa na makaratasi, na hapo nitapita haraka. Mirathi ya baba haikuwa imefungwa. Hati ilikuwa ya zamani ya CDA, ya miaka 33, na ilibidi tufuatilie mpya. Ilituchukua mwaka mzima na zaidi, kwa sehemu kubwa kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tunaenda ofisini na nyaraka pungufu. Kama mnajenga ndugu kwenye ardhi ya mzazi, malizeni mirathi kwanza. Andikeni nani anatoa kiasi gani na nani ana sehemu gani, kisha mama au mzee wa ukoo aweke saini pembeni. Sisi tuliandika baada ya kugombana, na maneno tuliyoambiana kabla ya kuandika bado yanauma.

Kosa la kwanza kubwa lilikuwa ramani. Tulimpa kazi kijana anayechora kwenye kompyuta, shilingi milioni moja na laki mbili, akatuletea jengo la ghorofa sita lenye vioo vya bluu. Tulilipenda, kaka akaliweka kama picha ya simu yake. Tulipolipeleka kuombea kibali cha ujenzi halikupokelewa, na sababu zote zilikuwa za msingi. Mchoraji hakuwa msanifu aliyesajiliwa. Hakukuwa na michoro ya mhandisi. Matumizi ya kiwanja kwenye hati yalikuwa makazi tu, na urefu tulioutaka haukuendana na mpango wa eneo lile. Halafu kulikuwa na jambo ambalo sikuwahi kuliwaza hata siku moja: uwanja wa ndege wa Dodoma uko ndani ya mji kabisa, na majengo marefu karibu na uwanja wa ndege yanahitaji kibali cha urefu kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Nimeishi Dodoma maisha yangu yote, nimeona ndege zikipita juu ya mabati yetu, na sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili.

Kwa hiyo anza hivi: kabla hujamlipa mtu yeyote kuchora, nenda mipango miji na namba ya kiwanja chako, uliza kinaruhusiwa nini na mpaka ghorofa ngapi. Ukitoka hapo tafuta msanifu na mhandisi waliosajiliwa. Kila fani ina bodi yake ya usajili: msanifu na mkadiriaji, yule anayepiga hesabu za gharama za ujenzi, wanasajiliwa AQRB, mhandisi ERB, mkandarasi CRB. Majina yao yanaangalika, na mtu halali hakasiriki ukimwomba namba ya usajili. Zimamoto nao waione michoro mapema, maana kuongeza ngazi ya dharura kwenye jengo lililokwisha simama ni kuvunja na kujenga upya.

Msanifu tuliyempata baadaye, mama wa makamo mwenye kusema taratibu, hakutukatalia ghorofa sita. Alituuliza kama tumepima udongo. Kaka akajibu kwamba hapa Dodoma ni mawe matupu, kila mtu anajua, angalia ule Mlima Simba. Mama yule akasema tupime. Bei ilikuwa milioni tatu na nusu. Tukaona ni nyingi, tukamwambia tutapima baadaye, tukaanza kuchimba msingi kwa kutumia fundi wetu wenyewe ili "tusipoteze muda." Hiyo ilikuwa Juni 2021. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo ninalolijutia kuliko mengine.

Kona ya upande wa barabara, sururu ilifika mita moja na nusu ikaanza kutoa cheche. Mwamba. Kaka akafurahi, akanipigia simu kazini niende nikaone. Nilipofika walikuwa wamehamia kona ya pili, ule upande wa mpera. Pale shimo lilipita mita moja na nusu, likapita mbili, na kilichokuwa kinatoka ni udongo wa kijivu kama majivu yaliyolowa, unang'ang'ania koleo. Fundi akasema si tatizo, tutamwaga zege nene zaidi upande huo. Namshukuru Mungu kwamba nilimpigia msanifu, naye akaja na mhandisi.

Mhandisi alivua viatu vyake vya ofisini akashuka shimoni. Akachukua konzi ya ule udongo, akatemea maji kidogo ya chupa, akauviringisha katikati ya viganja vyake. Ukatoka uzi. Akaendelea kuviringisha, uzi ukawa mwembamba kama tambi, ukaning'inia kwenye kidole chake bila kukatika. Akanipa niushike. Ulikuwa laini kama unga uliosagwa mara mbili. Akasema udongo unaotoa uzi kama ule ni mfinyanzi mtupu: masika unakunywa maji unavimba, kiangazi unasinyaa unapasuka, na jengo juu yake linapanda na kushuka kila mwaka. "Dada, hapa mguu mmoja mmekanyaga jiwe, mwingine mmekanyaga godoro," akaniambia. Jengo likizama lote sawasawa linaweza kuvumilia. Likizama upande mmoja, linachanika.

Akaongeza jambo ambalo sisi wa Dodoma hatupaswi kukumbushwa. Tuko kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa. Mimi mwenyewe nakumbuka tetemeko la Novemba 2002, vyombo vya mama vilivyogongana kabatini na baba akituita wote tutoke nje. Nyumba ya chini ilitikisika ikatulia. Sikuwahi kufikiria nyumba ya ghorofa sita ingetikisika vipi.

Vipimo vya udongo tukavifanya wiki ile ile, kwa bei ile ile tuliyoikataa. Majibu yalisema tuutoe ule mfinyanzi wote mpaka tabaka gumu, karibu mita tatu, tujaze changarawe na kuishindilia kidogo kidogo, kisha tufunge msingi wote kwa bimu nzito. Msingi niliokuwa nimeupangia milioni 45 ukameza 97. Mkadiriaji akatuwekea hesabu mezani: ghorofa sita kwenye udongo ule, na nguzo zake, na lifti yake, na pampu zake, si chini ya bilioni moja na robo. Hatukuwa nayo na hatukuwa na mahali pa kuitoa.

Kikao cha usiku ule kilifanyika kwenye baraza la baba, wiki chache kabla halijabomolewa. Kaka alilia. Nami nililia, ila nilikwenda kulilia jikoni. Kaka alikuwa ameuza kiwanja chake cha Morogoro kwa ajili ya kazi ile na alikuwa na hofu kwamba tumeshindwa kabla ya kuanza. Mdogo wetu akapendekeza tumwombe mhandisi "apunguze nondo" ili angalau tufike nne. Mama, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza swali moja: kule juu watakwea nani, na mimi mnaniweka wapi? Ndipo tukaamua tatu, ukihesabu na ya chini, na mama akae chini.

Kuhusu kupunguza nondo nitasema wazi. Machi 2013 jengo la ghorofa zaidi ya kumi lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaua watu 36. Novemba 2024 likaanguka jengo Kariakoo, wakafa zaidi ya watu 20. Kila ghorofa ni watu. Aliyekokotoa nondo za milimita 16 hakuziweka kwa mapambo, na fundi anayekuambia kumi na mbili zinatosha hatalala chini ya ile slabu, ile sakafu ya zege.

Slabu ya kwanza tulimwaga Agosti 2022, mwezi wa upepo. Wanaoijua Dodoma wanaujua ule upepo: mkavu, unapasua midomo. Zege nalo linapasuka midomo. Linahitaji maji kila siku, na maji ndiyo tulikuwa hatuna, bomba likitoka mara mbili kwa wiki, tena usiku. Tulinunua maji ya boza, tukafunika slabu yote kwa viroba vilivyoloweshwa, mama mwenyewe akisimamia kama anayelea mtoto mwenye homa. Weka maji ya kumwagilia kwenye bajeti yako, tofauti na maji ya kukorogea. Sisi hatukuweka.

Mahali tulipoumia ni kibaraza cha nyuma, kile kinachochomoza nje ya ukuta. Zege hufikia nguvu yake ya kupimiwa siku ya 28. Siku ya saba linakuwa na kama theluthi mbili tu. Mirunda ya kibaraza, zile nguzo za miti zinazobeba zege likiwa changa, ilikuwa ya kukodi, na mwenye nayo alikuwa anaidai. Mhandisi alikuwa safarini. Siku ya tisa kaka akaruhusu itolewe. Asubuhi yake nilikuta ufa umepita sakafuni, sambamba na ukuta, unaingia ukingo wa sarafu, na ncha ya kibaraza imeinama. Hakuna aliyeumia. Tulikivunja chote kwa nyundo siku nne, tukakijenga upya, milioni sita na laki tatu. Mpaka leo kibaraza au slabu yoyote ya watu ninaowashauri, nawaambia siku ya kutoa mirunda iandikwe kwenye daftari na kusainiwa na mhandisi. Asiisogeze mtu mwingine, hata mwenye nyumba.

Sasa habari ya jirani. Upande wa mashariki tunapakana na mama mmoja mjane, Mgogo wa hapa hapa, ambaye alitubeba sisi wote mgongoni. Kwa miaka yote tukimsalimia mbukwenyi, salamu ya Kigogo, anaitika kwa kuvuta neno mpaka unajisikia umefika kwenu. Hatukwenda kumwambia tunajenga ghorofa. Tulifikiri anaona mwenyewe. Kuta za sakafu ya pili zilipofika usawa wa madirisha, siku moja nilimsalimia getini akanyamaza. Nikasogea. Akaniambia, "Mwanangu, mmenifunika. Nikioga naangaliwa, nikianika mlenda haukauki."

Bafu lake lilikuwa uani, la mabati, bila paa. Sisi tulikuwa tumeweka madirisha matatu makubwa yanayolitazama. Na kweli, kuanzia saa nane kivuli chetu kilikuwa kimelala juu ya ua wake wote. Mstari wa kiwanja tuliuheshimu, michoro ilipitishwa, kwa sheria hatukuwa na kosa. Lakini nilisimama pale nimeshindwa kumwangalia. Tulirudi na kaka na mama, tukaomba radhi, tukainua madirisha yale yakawa ya juu ya kichwa, tukamwezekea bafu. Kivuli hatukuweza kukiondoa. Laiti tungekwenda kabla ya kuchora, ngazi ingekaa upande wake na madirisha upande wa barabara, na isingetugharimu hata senti.

Msanifu ndiye aliyeniambia kwamba Washington, mji mkuu wa Marekani, una sheria ya tangu 1910 inayofunga urefu wa jengo kwenye upana wa barabara iliyo mbele yake. Barabara nyembamba, jengo fupi. Tangu hapo nikipita mitaa ya ndani ya kata ya Majengo au Chang'ombe, napima kwa macho: hapa mita sita za njia, kule ghorofa tano, na watu wa chini yake wanawasha taa saa nne asubuhi.

Maji tena, maana yalirudi. Pampu inapandisha maji juu, juu kuna matanki. Tulitaka matanki mawili ya lita 5,000 juu ya paa. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo hizo ni tani kumi, sawa na kupandisha mifuko 200 ya saruji na kuiacha kule milele. Michoro ilikuwa haijayahesabu kwa sababu hatukumwambia mhandisi. Tukajenga hodhi ardhini, juu tukaweka tanki moja dogo. Mwambie mhandisi kila kizito unachokusudia kuweka juu, mapema, hata kama ni bustani ya vyungu.

Tulihamia Desemba 2023. Jumla tulitumia shilingi milioni 538 kwa ghorofa tatu, kiasi ambacho si mbali na nilichokuwa nimekadiria kwa sita. Nyumba za chini na ya kati zilipata watu ndani ya mwezi. Za juu zilikaa miezi mitano. Umeme ukikatika pampu inalala, na mtu anayebeba ndoo na mtungi wa gesi ngazi 40 anahama mkataba ukiisha. Tulishusha kodi ya juu kwa elfu themanini, na hilo halikuwa kwenye karatasi yangu ya mwanzo. Pia wapangaji wangu wengi ni watumishi walioacha familia Dar, na tangu treni ya mwendokasi ianze kufika hapa mwaka 2024, Ijumaa jioni jengo linabaki na mama na mlinzi. Wanataka chumba na sebule, siyo vyumba vitatu tulivyojenga. Kabla hujaamua ukubwa, zungumza na wapangaji wa mtaani kwako, siyo madalali.

Watu wananiuliza kama basi napinga maghorofa Dodoma. Sipingi. Mji unaosambaa mpaka Nala huku na Ihumwa kule unadai mabomba na barabara na nauli ya bodaboda ambayo mwalimu au muuguzi hawezi kuilipa kila siku. Karibu na stesheni, Sabasaba, na kandokando ya barabara pana, tunayahitaji majengo ya ghorofa tatu, nne, hata tano, mengi, yaliyosimama vizuri, yenye duka chini na watu juu. Ninachokipinga ni ule urefu wa kuonyeshana, mnara mmoja katikati ya nyumba za mabati, unaokunywa maji ya mtaa mzima na kutupa kivuli kwa mtu asiyeulizwa. Dodoma ina kitu ambacho miji mingi haina: ukisimama popote unakiona kilima. Watoto wangu wanajua kaskazini iko wapi kwa kutazama vilima. Nataka na wajukuu wajue.

Jengo lilipokamilika, kaka aliomba tuache nondo za nguzo zimechomoza juu ya paa ili watoto wetu waje waongeze ghorofa ya nne. Nilimwelewa. Ile ndoto haikumtoka. Nikamwomba mhandisi apande aongee naye mwenyewe, naye akamwonyesha karatasi za msingi: umehesabiwa kwa tatu, na nondo zilizoachwa wazi zinashika kutu inayoshuka mpaka ndani ya nguzo. Machi mwaka jana tukazikata. Kaka alishika grinda mwenyewe, nondo ishirini na nne, kisha akaziba vichwa vyake kwa zege na kukandika sakafu ya paa ikawa sawa.

Wiki iliyofuata nilimpandisha mama jirani, taratibu, mkono begani kwangu. Alikuwa na ungo wa mlenda mbichi. Aliumwaga kwenye sakafu ya paa, akautandaza kwa viganja mpaka hakuna jani lililopanda juu ya lingine, kwa sababu pale jua linakaa mpaka saa kumi na mbili. Tangu hapo ana ufunguo wake wa ngazi.